Jinsi ya kujua malkia wa Ulaya ya zama za kati alikuwa na nguvu kiasi gani: anza na ardhi, mapenzi yaje baadaye

Watu wengi wakitaka kusoma habari za malkia wa zamani huko Ulaya wanaanzia pale pale, alikuwa mzuri wa sura, alipendwa hakupendwa, alikuwa mpole au alikuwa na roho mbaya, alafu wanamaliza kitabu kizima na bado hawajui huyu mama aliweza kufanya nini na nini kilimshinda. Mi hizi habari nimezisoma muda mrefu na kuna njia nyingine nataka nikuonyeshe, haihitaji ujue Kilatini wala uwe profesa. Unachukua malkia yeyote wa kati ya mwaka 900 na 1500 hivi, unamuuliza maswali machache: alikuja na nini, akapewa nini, ndoa yake ingevunjwa kirahisi kiasi gani, mume yuko wapi, mtoto ana miaka mingapi, na nani anaandika habari zake. Ukipata majibu ya hayo nguvu yake utaiona wazi, na mara nyingi utakuta tabia yake ndo kitu cha mwisho kuulizia.

Elewa ndoa yenyewe kwanza. Ndoa ya kifalme ilikuwa makubaliano ya koo mbili, kuna wajumbe, kuna maaskofu, kuna mashahidi, kuna listi ya miji na ngome na mashamba, na wanaooana wenyewe mara nyingi hawakuulizwa kitu. Sheria ya Kanisa ilitaka msichana afike miaka 12 na mvulana 14, lakini uchumba uliweza kufungwa kabla ya hapo, na wafalme hawakuwa wanasubiri sana. Margrete, binti wa mfalme wa Denmark, aliozwa kwa Haakon wa Norwe mwaka 1363 akiwa na miaka 10 tu. Sasa mtoto wa miaka 10 ukianza kumuulizia habari za mapenzi utakuwa unamwonea. Muulizie baba yake alikuwa anatafuta nini.

Kwahiyo hatua ya kwanza ni kutafuta mkataba, au kama mkataba haujabaki, tafuta listi ya mali popote ilipotajwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Theophanu. Huyu aliletwa kutoka Konstantinopoli, alikuwa mpwa wa mfalme wa kule, John Tzimiskes, akafunga ndoa na Otto II, mfalme wa Ujerumani, mjini Roma tarehe 14 Aprili 972. Hati ya ndoa yao ipo mpaka leo, inatunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka mjini Wolfenbüttel, Ujerumani, na ukiona picha yake huisahau: ni ngozi ndefu, urefu wake karibu mita moja na nusu, imetiwa rangi ya zambarau, imepambwa maduara yenye wanyama wakali wanaokamata mawindo, na juu ya hayo maduara maneno yote yameandikwa kwa dhahabu. Wengi wanaishia kwenye dhahabu. We soma kilichoandikwa. Otto anampa mke wake jimbo la Istria, anampa Pescara kule Italia, anampa kisiwa cha Walcheren, anampa abasia (nyumba ya watawa) ya Nivelles pamoja na mashamba 14,000 yaliyo chini yake, alafu anaongeza makao ya kifalme kama Boppard, Tiel, Herford na Nordhausen. Huyo sio bibi harusi aliyepewa zawadi akafurahi, huyo ni mtu aliyekabidhiwa mapato yake, watu wake wa kumtumikia na sehemu za kukaa ambazo hamuombi mtu.

Na ile mali ilikuja kuwa na kazi. Otto II alikufa 983, mtoto wao Otto III ana miaka 3, Henry wa Bavaria akamchukua yule mtoto huku akiutaka ufalme mwenyewe, lakini mwaka 984 ikabidi amrudishe kwa mama yake. Baada ya hapo mpaka anafariki mwaka 991 Theophanu ndo alikuwa anaendesha dola kwa niaba ya mtoto, na kuna hati aliyoitoa Ravenna mwaka 990 ambayo jina lake limeandikwa kwa umbo la kiume, Theophanius imperator, yaani mfalme mkuu kabisa na sio mke wa mfalme mkuu. Mi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Ukishaishika listi, tenganisha mali mbili ambazo watu wanazichanganya sana kwa sababu zote tunaziita mahari. Kuna mali aliyokuja nayo mwanamke kutoka kwao, inaweza kuwa pesa, inaweza kuwa ardhi. Na kuna mali ambayo mume anamwandikia mke ili akifa mume, mjane apate pa kuishi na cha kuishi. Hiyo ya pili kwa kawaida mke anaitumia kwa maisha yake tu, akifa inarudi kwenye ufalme. Hiyo ya kwanza ikiwa ni ardhi aliyoirithi yeye mwenyewe, basi hapo ndo penye mambo, kwa sababu mume anaitawala kwa sababu ya mke, na ndoa ikivunjika ardhi inaondoka na mwenyewe.

Hapo ndo umuweke Eleanor wa Aquitaine. Baba yake alifariki 1137 akiwa safarini kwenda kuhiji Santiago, yeye akiwa binti mdogo ndo mrithi wa Aquitaine, jimbo kubwa kuliko ardhi yote ambayo mfalme wa Ufaransa alikuwa anaishika moja kwa moja. Mwaka huohuo akaozwa kwa Louis, ambaye muda mfupi baadaye akawa mfalme Louis VII. Miaka 15 ya ndoa, mabinti wawili, hakuna mtoto wa kiume, na mwezi Machi 1152 mkutano wa maaskofu pale Beaugency ukatangaza ndoa ni batili kwa sababu ya undugu. Eleanor akaondoka na Aquitaine yake. Tarehe 18 Mei, hata miezi miwili haijaisha vizuri, akaolewa Poitiers na Henry, mtawala wa Normandy na Anjou, ambaye mwaka 1154 alikuwa mfalme wa Uingereza. Yaani kwa ndoa moja kuvunjwa na nyingine kufungwa, nusu ya magharibi ya Ufaransa ilihama mkono mmoja kwenda mwingine bila vita.

Lakini angalia hapa usije ukadanganyika, ardhi peke yake haitoshi. Eleanor huyohuyo mwenye Aquitaine, aliposimama na wanawe dhidi ya mume wake mwaka 1173, alikamatwa akafungiwa karibu miaka 15, akaja kutoka Henry alipofariki 1189. Mume mwenye nguvu na aliye karibu anaweza kumkalia mke mwenye ardhi. Akishaondoka mume mambo yanabadilika kabisa: mwanawe Richard alipotekwa wakati anarudi kutoka vita vya msalaba, ni yule mama, ana miaka kama 70, aliyesimamia ukusanyaji wa fidia ya marki 150,000 za fedha na akasafiri mwenyewe kwenda Ujerumani kumchukua. Na mwaka 1200 bado alivuka milima ya Pirenei kwenda Castile kumchukua mjukuu wake Blanche akaolewe na mwana wa mfalme wa Ufaransa. Huyo Blanche mshike akilini, tunamrudia.

Hatua inayofuata watu wanairuka kwa sababu inachosha, ni kuhesabu undugu. Usiiruke. Kanisa lilikataza ndugu wa damu kuoana, na familia za kifalme zilikuwa zimeoana mpaka karibu wote ni ndugu, kwahiyo karibu kila ndoa ilikuwa na mlango wa kutokea. Kuhesabu ni hivi: unamtafuta babu au bibi wanaokutana wote wawili, yeye mwenyewe humhesabu, unashuka kila upande. Watoto wake daraja la kwanza, wajukuu la pili, vitukuu la tatu, vilembwe la nne. Kabla ya 1215 marufuku ilifika daraja la saba, ambako ukishapita kilembwe na kining'ina hata maneno ya kuwaitia yanakuishia, na ni nani anayemjua ndugu wa mbali hivo? Mwaka 1215 mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ukapunguza mpaka daraja la nne. Chora kwenye karatasi, usifanye kichwani, utapotea.

Kuchora hivo kunakusaidia kitu kimoja kikubwa. Undugu ulikuwa unajulikana siku ya harusi, lakini unakumbukwa siku ndoa imechokwa. Eleanor na Henry wake wa pili nao walikuwa ndugu, tena sio wa mbali kuliko alivyokuwa na Louis, na hakuna aliyesema kitu. Kwahiyo ukikuta ndoa imevunjwa kwa undugu, usiandike "walivunja kwa sababu ya undugu" ukaendelea, jiulize mwaka ule kulikuwa na shida gani, mara nyingi ni mrithi wa kiume hajapatikana au siasa zimegeuka. Na ukikuta ndugu wanaoana waziwazi, tafuta ruhusa ya Papa, na hiyo ruhusa nayo iangalie tarehe. Isabella wa Castile na Ferdinand wa Aragon walioana Valladolid tarehe 19 Oktoba 1469 kwa karatasi ya ruhusa ambayo ilikuwa feki, ya kweli ilikuja 1471 kutoka kwa Papa Sixtus IV wakati tayari wana mtoto.

Alafu uliza, huyu mke akisukumwa nje, nani anamtetea? Hapa naomba umsome Ingeborg wa Denmark, maana habari yake inaumiza na inafundisha. Aliolewa na Philip wa Pili wa Ufaransa pale Amiens tarehe 14 Agosti 1193, kesho yake wakati wa kutawazwa mfalme akabadilika akasema hamtaki. Sababu haijajulikana mpaka leo. Ikatengenezwa chati ya ukoo yenye undugu wa uongo, maaskofu wa mfalme wakaipitisha, na yule binti ambaye Kifaransa hakijui aliposomewa hukumu akapaza sauti kwa Kilatini cha kuungaunga, Mala Francia, Ufaransa mbaya, alafu Roma, Roma, yaani anakata rufaa kwa Papa. Maneno machache tu lakini ndo yaliyomwokoa. Mfalme akaoa mwingine, Agnes, mwaka 1196. Ingeborg akafungiwa huku na huku, akaandika barua, hakukubali hata siku moja kwamba yeye sio mke. Mwaka 1200 Papa Innocent III akafunga ibada kwenye ardhi ya mfalme kwa miezi kadhaa. Na mwaka 1213, baada ya miaka 20, Philip akamrudisha kama malkia, kwa sababu wakati huo alikuwa anapanga kuivamia Uingereza na urafiki wa Denmark na wa Papa ulikuwa na faida. Angalia vizuri, Ingeborg hakuwa na ardhi Ufaransa, hakuwa na mtoto, mume hamtaki. Alikuwa na kaka yake mfalme wa Denmark na Papa. Kwahiyo kwenye karatasi yako weka sehemu ya watu wa nje, ndugu, Papa, wajomba, usiiache tupu.

Tukiwa hapo kwenye ndugu, dada pia wahesabu. Raymond Berenger wa Provence alikuwa na mabinti wanne na wote wakawa malkia: Margaret akaolewa na Louis IX wa Ufaransa 1234, Eleanor na Henry III wa Uingereza 1236, Sanchia na Richard ndugu wa Henry ambaye mwaka 1257 alitawazwa mfalme wa Wajerumani pale Aachen, na Beatrice na Charles wa Anjou aliyekuja kuwa mfalme wa Sisilia. Wafalme wa Ufaransa na Uingereza walipofunga mkataba wa amani wa Paris mwaka 1259, wake zao walikuwa mtu na dada yake. Ukisoma mkataba bila kujua hilo unakosa nusu ya stori.

Sasa swali ninalolipa uzito kuliko yote: mume yuko wapi? Chukua kalenda ya mfalme, weka pembeni ya kalenda ya malkia. Kila mfalme anapoondoka, kwenda vitani, kwenda msalaba, kutekwa, kuugua, kufa, angalia nani ameachiwa muhuri. Huko ndo nguvu ya malkia inatokea waziwazi, maana mume akiwepo mke anafanya kazi kwa kumsemesha mume, na maneno ya chumbani hayana hati.

Maria wa Castile ndo mfano safi. Aliolewa na Alfonso wa Aragon mwaka 1415 Valencia, hawakupata mtoto hata mmoja, na kwa ile hesabu ya kizamani kwamba malkia asiye na mtoto hana kitu, ungemfuta. Lakini Alfonso alienda zake Italia 1432 kutafuta ufalme wa Napoli na hakurudi tena mpaka kifo. Maria akawa mkuu wa serikali ya Catalonia kama naibu wake kwa zaidi ya miaka 20, anaitisha mabunge, anapokea malalamiko, anatafuta pesa za vita vya mume wake aliye ng'ambo. Watoto hana, mume hayupo, na nchi anaiendesha yeye.

Wa kutekwa sasa. Hapa nakaa kidogo kwa sababu tukio lenyewe naliona kama niko pale. Louis IX alienda vita vya msalaba Misri, mke wake Margaret wa Provence yuko mji wa Damietta hukohuko Misri, mjamzito karibu kujifungua, na mwezi Aprili 1250 habari zikafika kwamba mfalme ametekwa. Rafiki wa mfalme aliyekuwemo kwenye msafara alikuja kuandika kumbukumbu zake, anasema usiku malkia alikuwa anashtuka usingizini akilia kwamba chumba kimejaa maadui, na mbele ya kitanda chake alilala mzee mmoja wa miaka 80, askari wa farasi, amemshika mkono anamtuliza. Kabla ya kujifungua akawatoa watu wote chumbani abaki yule mzee peke yake, akapiga magoti mbele yake akamwomba aape: maadui wakiuchukua mji, amkate kichwa kabla hawajamgusa. Mzee akamjibu kwamba alishaliwaza hilo mwenyewe. Akazaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Jean Tristan kwa sababu ya huzuni aliyozaliwa nayo. Na siku hiyohiyo akaambiwa watu wa Pisa na Genoa wanataka kukimbia na meli zao. Kesho yake akawaita kitandani kwake, mwanamke aliyejifungua jana, akawaambia wakiondoka mji umepotea na mfalme hana tena cha kukombolewa nacho. Wakasema tuna njaa. Akaagiza chakula chote kilichopo mjini kinunuliwe, akawaweka wote kwenye gharama ya mfalme, wakabaki. Kwa sababu mji ulibaki mkononi, Damietta yenyewe ikawa sehemu ya fidia ya mfalme.

Baada ya hayo ungedhani Margaret angeaminiwa na kila kitu. Louis aliporudi tena vitani mwaka 1270 aliacha nchi kwa abate Mathieu de Vendôme na Simon de Nesle, sio kwa mke wake. Miaka michache nyuma Margaret alimwapisha mwanae Philip kwamba atamtii mama yake mpaka afike miaka 30, na Papa akaja kumfungua mtoto kutoka kwenye kile kiapo. Mfalme alikuwa na kumbukumbu ya mama yake mwenyewe na hakutaka nyingine ya namna ile, hivo ndo mi ninavyoisoma.

Mama yake ni yule Blanche niliyekwambia umshike. Hapa tunaingia kwenye umri wa mtoto. Louis VIII alifariki tarehe 8 Novemba 1226, mrithi ana miaka 12, mama ni mgeni kutoka Castile, na mabaroni wakaona nafasi. Angalia spidi: tarehe 29 Novemba, wiki tatu tu, mtoto ameshapakwa mafuta na kuvikwa taji Reims, kwa sababu mfalme aliyetawazwa ni mgumu zaidi kumgusa kuliko mtoto aliyekaa nyumbani. Mwaka 1229 serikali yake ikamalizana na Raymond VII wa Toulouse kwa mkataba ambao binti yake Raymond, Joan, aolewe na Alphonse, mtoto mwingine wa Blanche. Joan na Alphonse walifariki 1271 bila mtoto, na Toulouse ikaingia kwa mfalme wa Ufaransa. Blanche alishakuwa kaburini tangu 1252. Ndo maana nasema ukisoma kipengele cha ndoa kwenye mkataba, nenda kasome miaka 50 mbele, mbegu zake zinaota taratibu.

Kwahiyo andika umri wa mtoto siku baba anakufa. Miaka 3 au 12, mama ana nafasi. Miaka 20, mama anapewa heshima na nyumba yake. Na pia sio kila nchi ilikuwa na mazoea hayo. Uingereza, Henry VI aliposhikwa na ugonjwa wa akili mwaka 1453, mke wake Margaret wa Anjou akajifungua mwana mwezi Oktoba, na mwanzoni mwa 1454 akaomba apewe serikali. Kwao Ufaransa jambo hilo lilikuwa na historia. Waingereza wakamkatalia, wakamweka Richard wa York kuwa mlinzi wa ufalme. Margaret alikuwa ameletwa bila mali ya maana, na jimbo la Maine lilikuja kurudishwa kwa Wafaransa kwa sababu ya ndoa ile, kwahiyo watu walikuwa wameshamchoka kabla hajafungua mdomo.

Kwenye watoto kuna mtego mwingine, malkia aliyezaa na wafalme wawili. Emma wa Normandy aliolewa na Æthelred wa Uingereza 1002, alafu 1017 na Cnut aliyeichukua nchi hiyohiyo. Akawa mama wa Edward kwa mume wa kwanza na Harthacnut kwa wa pili, na akamsimamia Harthacnut. Edward alipokuja kutawala, mwaka 1043 alienda Winchester na wakubwa wake akamnyang'anya mama yake hazina yote. Kilichomfanya mwanaume amtokee mama yake mzazi na jeshi la wakubwa ni kwamba hazina ilikuwa kwa mama, na hilo lenyewe linakwambia alikuwa mkubwa kiasi gani.

Sasa kuhusu wanaoandika. Wengi ni watawa na maaskofu, na wana maneno yao mawili matatu kwa mwanamke mwenye madaraka: ana kiburi, ana hila, au anatembea na fulani. Blanche alisingiziwa mjumbe wa Papa na bwana wa Champagne. Dawa yake ni kutafuta mwanaume aliyefanya kitu hichohicho uone wanamwitaje. Mwaka 1141 unakupa mtihani mzuri kabisa, kuna Matilda wawili. Matilda wa kwanza ni binti wa Henry I wa Uingereza, mjane wa mfalme mkuu wa Ujerumani, baba yake aliwaapisha mabaroni 1127 kwamba ndo mrithi, lakini binamu yake Stephen akamuwahi 1135. Mwaka 1141 watu wake wakamkamata Stephen pale Lincoln, akaingia London, akadai pesa kwa watu wa mji kama ambavyo mfalme yeyote angedai, na waandishi wakasema huyu mwanamke ana kiburi, akafukuzwa kabla ya kutawazwa. Matilda wa pili ni mke wa Stephen, mrithi wa Boulogne, ana bandari na meli, mwaka 1138 aliziagiza zikaizingira Dover. Mume wake alipotekwa akakusanya jeshi, akabana mpaka Robert wa Gloucester, mkono wa kulia wa yule mwingine, akakamatwa, wakabadilishana mateka na Stephen akatoka. Huyu wa pili waandishi wanamsifia. Wote wawili walikuwa na majeshi. Mmoja anapigania haki yake, mwingine anapigania ya mume wake, na sifa zikaenda kwa wa mume.

Hata upole uusome kwa macho hayo. Philippa wa Hainault, malkia wa Uingereza, inasemekana akiwa mjamzito, amepiga magoti mbele ya mume wake Edward III mwaka 1347 kuwaombea watu sita wa Calais wasiuawe. Inasimuliwa kama huruma ya mwanamke, na huruma inaweza kuwepo, lakini pia kuombea ilikuwa sehemu ya kazi ya malkia, mfalme anapata njia ya kusamehe bila kuonekana amelegea. Ukikuta malkia anapiga magoti, usikimbilie kumwona mdogo.

Waliotawala kwa haki yao wenyewe sitawakalia sana, wao wanajulikana, ila ukiwasoma angalia cheo kilichoandikwa na mume amewekewa mipaka gani. Jadwiga alitawazwa Kraków Oktoba 1384 kama rex, mfalme, sio mke wa mfalme, akiwa na miaka kama 10, na wakubwa wa Poland ndo waliomtafutia mume, Jogaila wa Lithuania, kwa masharti ya mkataba wa Krewo 1385, ikiwemo nchi yake kubatizwa. Isabella wa Castile alipata ufalme Desemba 1474, na Januari 1475 pale Segovia yakaandikwa makubaliano kwamba Castile ni urithi wake yeye, Ferdinand anatawala pamoja naye lakini mrithi sio yeye. Na yule Margrete wa miaka 10 tuliyeanza naye? Mwanae Olaf alikufa 1387, Denmark na Norwe zikamkubali yeye, akamshinda mfalme wa Uswidi 1389, na mwaka 1397 pale Kalmar nchi tatu zikawa chini ya taji moja la kijana aliyemchagua yeye, Erik. Taji kwa Erik, maamuzi kwake mpaka alipofariki 1412.

Mwisho fuata ardhi mpaka kwa binti. Jaribu njia yote kwa Anne wa Brittany. Alizaliwa 1477, akairithi nchi ya Brittany, magharibi mwa Ufaransa, akiwa na miaka 11, mwaka 1490 akaolewa kwa wakala na Maximilian wa Habsburg ambaye hakuwahi hata kumwona, Wafaransa wakamzingira, na 1491 ikambidi aolewe na Charles VIII, mfalme wa Ufaransa. Soma mkataba wake: unasema mfalme akifa bila mwana, Anne ataolewa na mfalme anayefuata. Charles akafa 1498, na Januari 1499 Anne akaolewa na Louis XII, lakini safari hii ni mtu mzima, mjane, yuko kwao Brittany, na mkataba wa pili ukaandikwa vizuri zaidi kwake, Brittany ibaki na utawala wake tofauti. Weka ile miwili pembeni kwa pembeni usome kipengele kwa kipengele, utaona binti wa miaka 14 aliyezingirwa na mwanamke wa miaka 21 aliye huru wanavyopata masharti tofauti. Alitaka binti yake Claude aolewe nje, kwa Charles wa Habsburg, ili Brittany isimezwe. Mfalme akageuza, 1506 Claude akachumbiwa Francis wa Angoulême. Anne alikataa muda wote aliokuwa hai. Alifariki Januari 1514, na Mei mwaka huohuo Claude akaolewa na Francis.